"Tamaa ni mbaya" haitoshi: namna ya kutafuta funzo la hadithi fupi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Darasani tumesoma hadithi fupi ya Mfaransa Guy de Maupassant iitwayo "Mkufu", ya yule mama aliyeazima mkufu wa almasi akaupoteza. Tuliulizwa: "Eleza mafunzo yanayopatikana katika hadithi hii." Niliandika kwamba tamaa ni mbaya, turidhike na tulichonacho, nikamalizia na methali ya tamaa mbele mauti nyuma. Nimepata alama 4 kati ya 10, na pembeni mwalimu ameandika "Soma tena". Nimesoma tena na bado naona ni tamaa. Nimekosea wapi? Na je, mwanafunzi anaruhusiwa kuandika funzo ambalo mwandishi mwenyewe hakulisema?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza nikutoe hofu. Hukukosea. Tamaa imo katika "Mkufu", na anayesema haimo hajaisoma. Shida ya jibu lako ni kwamba hata mwanafunzi aliyesimuliwa hadithi hiyo juu juu, njiani kuelekea shuleni, angeweza kuliandika. Mwalimu anayesahihisha anatafuta dalili kwamba uliingia ndani ya hadithi ukaona kitu, na methali peke yake haimwonyeshi hilo.

Fanya jaribio dogo. Chukua sentensi yako, "tamaa ni mbaya, turidhike na tulichonacho", uiweke chini ya hadithi tatu. Ya kwanza ni hiyo hiyo ya Maupassant. Ya pili ni ya Mrusi Leo Tolstoy, ya mwaka 1886, inayouliza mtu anahitaji ardhi kiasi gani. Humo mkulima aitwaye Pahom anaambiwa atapewa ardhi yote atakayoizunguka kwa miguu kati ya macheo na machweo, naye anakufa kwa kukimbia ili afunge duara kabla jua halijazama. Ya tatu ni "Tumbo Lisiloshiba" ya Said Ahmed Mohamed, ambayo wenzenu wa Kenya waliisoma kwa ajili ya mtihani wao wa sekondari. Jitu linaingia mkahawani kwa Mzee Mago, linakula kila kilichopikwa, na wakati huo huo maskini wa Madongoporomoka wanaishi na hofu ya kuporwa ardhi yao.

Sentensi yako inakaa vizuri chini ya zote tatu. Sasa niambie: mwanamke anayetaka kupendeza usiku mmoja, mkulima anayetaka shamba, na jitu linalokula jasho la maskini, wote hao wametenda kosa moja? Ukimwambia Mzee Mago "turidhike na tulichonacho" wakati wakubwa wanakitaka kile kidogo alicho nacho, umemfundisha nini? Funzo linaloenea kila mahali halijasema lolote kuhusu hadithi uliyopewa wewe.

Silaumu vijana kwa mazoea haya. Tumelelewa na ngano. Sungura anamdanganya Fisi, Fisi anakiona cha mtemakuni, kisha msimulizi anatuambia waziwazi hadithi inatufunza nini. Ngano inafanya hivyo kwa sababu inalea watoto, na inafanya kazi hiyo vizuri. "Mkufu" ilizaliwa kwingine. Ilitoka katika gazeti la Paris liitwalo Le Gaulois, tarehe 17 Februari 1884, na wasomaji wake walikuwa watu wazima waliokuwa wakifungua gazeti kusoma habari za siasa na za mjini. Maupassant anaimaliza kwa maneno machache ya mshangao anayoyatamka mhusika, na hapo hapo anaondoka. Hakuna wa kutuambia tumejifunza nini. Kazi hiyo ameiacha kwetu, na ametuachia ushahidi wa kuifanya. Basi twende kwenye ushahidi.

Mathilde Loisel ni mke wa karani mdogo katika Wizara ya Elimu ya Ufaransa. Ni mzuri wa sura, amezaliwa katika familia ya makarani, hana mahari ya kupeleka kwa mume kama desturi ya huko ilivyotaka, kwa hiyo ameolewa na aliyepatikana. Kutwa anawaza majumba ya kifahari. Siku moja mumewe analeta mwaliko wa sherehe kwa waziri. Mke analia kwamba hana nguo. Mume anamuuliza nguo ya heshima itagharimu kiasi gani, naye anataja faranga 400. Maupassant anatuambia mume alibadilika rangi kidogo, maana kiasi hicho hicho alikuwa amekiweka akiba anunue bunduki, akawinde ndege na marafiki zake kiangazi kile.

Simama hapo kwanza. Karani mwenye mshahara mdogo anajiwekea fedha za bunduki ya starehe kimyakimya, na mke wake hajui. Katika madarasa mengi nimesikia wanafunzi wakimhukumu Mathilde kwa nguo, lakini hakuna aliyesema neno kuhusu bunduki. Simtetei Mathilde, ana kosa. Ila mwandishi ameweka matamanio mawili yenye bei moja ndani ya nyumba moja, na sisi wasomaji tunaliita moja tamaa na jingine tunalipita. Ukiliandika hilo katika mtihani, mwalimu wako atajua umesoma.

Baada ya nguo, kikapungua kito. Mume anashauri avae maua halisi, kwa faranga 10 atapata mawaridi mawili au matatu mazuri. Mke anakataa, anasema hakuna fedheha kama kuonekana maskini katikati ya wanawake matajiri. Sentensi hiyo iandike pembeni mwa daftari lako, kwa maana ndiyo inayoisukuma hadithi hadi mwisho. Mume anamkumbusha rafiki yake wa utotoni, Madame Forestier, ambaye ni tajiri. Mathilde anakwenda, anafunguliwa sanduku la vito, anachagua mkufu wa almasi katika kikasha cheusi, na rafiki yake anampa bila kusita.

Usiku wa sherehe unafika. Mathilde anang'ara kuliko wote. Wanaume wanauliza jina lake, waziri mwenyewe anamwona. Hapa ndipo sentensi yako ya tamaa inapata taabu, mwanangu. Tamaa yake imetimizwa! Alichokitaka amekipata chote, na hakuna msiba uliotokea. Wangeweza kurudi nyumbani, kesho yake akarudisha mkufu, akaishi na kumbukumbu yake. Sasa msiba unaingilia wapi?

Unaingilia mlangoni, saa kumi alfajiri, wakati wa kuondoka. Mume anamtupia mabegani mtandio wake wa kila siku, wa kimaskini, ambao haukulingana na nguo ya dansi. Mathilde anaona aibu. Anakimbia asionekane na wanawake waliokuwa wakijifunika makoti ya manyoya. Mume anamwambia asubiri, atapata baridi, yeye atamwitia gari la farasi. Hasikii, anashuka ngazi mbio. Hakuna gari, wanatembea wakitetemeka kuelekea Mto Seine hadi wanapopata kigari kikuukuu. Wanafika nyumbani, anasimama mbele ya kioo ajitazame mara ya mwisho, na shingo iko tupu.

Mwandishi hasemi ulianguka wapi. Lakini ameuweka upotevu ndani ya mbio zile, na mbio zile zilitokana na aibu ya mtandio. Hili ni jambo tofauti na kutaka makubwa. Ni hofu ya kuonekana ulivyo.

Halafu fuata kinachoendelea. Wanatafuta wiki nzima: njiani, polisi, magazetini, kwa kampuni za magari. Mume, siyo mke, ndiye anayeamua waandike barua kwa Madame Forestier kwamba kifungio cha mkufu kimevunjika na wameupeleka kwa fundi. Mke anaandika, mume anamtamkia maneno. Uongo ule mdogo, wa kupata nafasi ya kujipanga, ndio uliowafunga. Wangeandika, "Ndugu yetu, tumeupoteza, tunaomba radhi, tuambie thamani yake," barua ya kujibu ingekuja na maneno mawili tu: ulikuwa bandia.

Tena kuna mahali pengine ambapo ukweli uligonga hodi. Wanakwenda kwa sonara ambaye jina lake limeandikwa ndani ya kikasha. Anapekua vitabu vyake, anawaambia mkufu huo hakuuza yeye, labda alitoa kikasha tu. Ebu fikiria. Mkufu hautoki katika duka la kikasha chake. Mtu mtulivu angejiuliza kwa nini. Wao hawana utulivu, wanazunguka kutoka sonara hadi sonara wakitafuta unaofanana na ule waliokuwa wanaukumbuka, mpaka wanauona mmoja katika eneo la Palais-Royal, bei faranga 40,000, wakapunguziwa hadi 36,000. Mume alikuwa na urithi wa baba yake, faranga 18,000. Nusu nyingine wanakopa huku na huku, hata kwa wakopeshaji wa riba kubwa.

Na mara ya mwisho: Mathilde anarudisha kikasha. Madame Forestier anakasirika kidogo kwamba amecheleweshewa kitu chake, na hakifungui. Mathilde alikuwa akihofu angekifungua, angegundua mkufu umebadilishwa, angemdhania mwizi. Kwa hiyo watu wawili waliokuwa marafiki tangu shule wanasimama uso kwa uso na kikasha kati yao, mmoja haulizi na mwingine hasemi. Kimya hicho kinagharimu miaka kumi.

Miaka kumi hiyo Maupassant anaipitisha kwa aya chache nzito. Msichana wa kazi anaondolewa. Wanahamia chumba cha darini. Mathilde anaosha vyombo hadi kucha zinaharibika, anafua, anapandisha maji ngazi kwa ngazi, anakwenda sokoni na kikapu akitetea kila senti, akitukanwa. Mume anafanya kazi ya jioni katika vitabu vya hesabu vya mfanyabiashara, na usiku ananakili maandishi ya watu kwa malipo duni ya ukurasa kwa ukurasa. Deni linaisha. Jumapili moja katika barabara ya Champs-Élysées Mathilde anamwona Madame Forestier, bado kijana, bado mzuri, akitembea na mtoto. Anamwendea na kumweleza yote. Ndipo anaambiwa kwamba ule mkufu wa awali ulikuwa bandia, thamani yake isingezidi faranga 500.

Sasa unaona kwa nini mwalimu wako aliandika "Soma tena"? Ukinilazimisha nilitaje funzo kubwa la hadithi hii kwa sentensi moja, nitasema hivi: watu wanaoona umaskini wao kuwa ni fedheha watalipa gharama kubwa kupita kiasi kuuficha, na kinachowamaliza ni kushindwa kusema ukweli mapema kwa mtu waliyemwona yuko juu yao. Mtandio, barua ya kifungio, kikasha kisichofunguliwa, vyote vinashuhudia hilo. Angalia pia mahali ambapo ukweli unapatikana hatimaye. Unapatikana siku ambayo Mathilde hana tena cha kuficha. Amechakaa, amelipa, anamwita rafiki yake kwa jina katikati ya watu bila aibu. Siku aliyosema ukweli ndiyo siku aliyoambiwa ukweli.

Hata hivyo usilifanye funzo hilo kuwa sheria ya mwisho, kwa sababu hadithi yenyewe ina sauti nyingine mbili zinazobishana nalo, na jibu zuri la mtihani huzitaja.

Sauti ya kwanza ni ya msimulizi. Karibu na mwisho, Mathilde ameketi dirishani akiukumbuka usiku wa dansi, na msimulizi anauliza ingekuwaje kama asingeupoteza mkufu ule. Nani ajuaye? Kisha anastaajabia jinsi maisha yalivyo ya ajabu na yanavyogeukageuka, na jinsi jambo dogo tu linavyoweza kumwangamiza mtu au kumwokoa. Hapo ndipo msimulizi anapokaribia zaidi kutoa maoni yake, na anazungumzia bahati. Tamaa haitaji, wala kuridhika. Mwanafunzi anayeng'ang'ania kwamba Mathilde aliadhibiwa kwa dhambi yake lazima aeleze kwa nini msimulizi anaona ni ajali.

Sauti ya pili ni ya Mathilde mwenyewe wa miaka ile ya dhiki. Maupassant anasema aliyapokea maisha ya wahitaji kwa ushujaa, tena mara moja. Yeye na mumewe wangeweza kutoroka, wangeweza kukana. Walilipa hadi senti ya mwisho, pamoja na riba juu ya riba. Anapomweleza Madame Forestier kwamba alimrudishia mkufu mwingine wala hakutambua, anatabasamu kwa furaha ya fahari, fahari isiyo na hila. Ndiyo maana sikubali kabisa anaposomwa kama mwanamke mpuuzi wa kuchekwa. Yule mwanamke aliyelia kwa kukosa nguo ameonyesha uaminifu ambao matajiri wengi wasingekuwa nao. Unaweza kuandika kwamba dhiki ilimkomaza. Unaweza pia kuandika kwamba ilimharibu, maana amekuwa mkali, mwenye sauti kubwa, mikono myekundu, nywele ovyo. Yote mawili yamo katika matini. Chagua moja, leta ushahidi, kisha mtendee haki mwenye maoni mengine.

Kuna jambo la mazingira pia, na hapa nakuomba uniazime sikio kidogo. Aya ya pili ya hadithi inaeleza kwamba wanawake hawakuwa na ukoo wala tabaka, uzuri wao ndio uliosimama mahali pa nasaba. Huko Ufaransa, kwa sheria ya kiraia ya mwaka 1804, mke alilazimika kumtii mume, na mke aliyefanya kazi alipewa haki ya kusimamia mshahara wake mwenyewe mwaka 1907 tu, zaidi ya miaka 20 baada ya hadithi hii kuchapishwa. Mathilde hakuwa na njia ya kupanda isipokuwa kuonekana. Maupassant aliwajua watu hawa kwa karibu. Alifanya kazi ya ukarani katika Wizara ya Jeshi la Majini, baadaye katika hiyo hiyo Wizara ya Elimu, kabla ya kalamu kumlisha. Aliona jinsi karani wa Paris alivyovaa kupita kipato chake, kwa kuwa wakubwa walimpima kwa mavazi. Kwa hiyo unapoandika "turidhike na tulichonacho", jiulize sentensi hiyo inamfaa nani. Waziri mwenye jumba hajaambiwa aridhike. Mafunzo ya kuridhika huelekezwa kwa walio chini, na msomaji makini huliona hilo hata kama hakubaliani nami kwamba Maupassant anailenga jamii zaidi kuliko anavyomlenga mwanamke mmoja.

Na ukitaka kujua kama Maupassant alikuwa mhubiri, mwaka mmoja kabla, 1883, alichapisha hadithi nyingine ya vito. Karani aitwaye Lantin ana mke mwema anayependa vito vya bandia. Mke anafariki, mume anabaki fukara, anakwenda kuviuza, na kumbe ni vya thamani kweli. Zilikuwa zawadi, na unaweza kukisia za nani. Lantin anaona aibu, kisha anachukua fedha, anaacha kazi, anastarehe. Baadaye anaoa mwanamke mwaminifu kabisa, mwenye tabia ngumu, ambaye anamtesa. Weka hilo kando ya "Mkufu" halafu utafute methali itakayozibeba zote mbili. Sidhani utaipata.

Nakuja kwenye swali lako la pili, kama unaruhusiwa kuandika funzo ambalo mwandishi hakulisema. Unaruhusiwa, na tena unaruhusiwa kubishana na lile alilolisema. Mfano mzuri uko kwa Tolstoy niliyemtaja. Yeye, tofauti na Maupassant, alitaka kufundisha. Kichwa cha hadithi yake ni swali, na sentensi ya mwisho ni jibu: mtumishi anamchimbia Pahom kaburi la arshini tatu, yaani mita mbili na kidogo, na hicho ndicho kiasi cha ardhi alichohitaji. Funzo liko mezani. Wanafunzi hulinakili na kuhamia swali linalofuata.

Rudi mwanzo wa hadithi hiyo uone walichokiacha. Pahom alianza kutaka ardhi kwa sababu msimamizi wa shamba la bibi mmoja jirani, askari mstaafu, alikuwa akiwatoza wakulima faini kila mnyama wao alipoingia shamba la bibi. Farasi leo, ng'ombe kesho, faini juu ya faini. Pahom alikuwa anaonewa. Akanunua ardhi yake. Mifugo ya majirani ikaanza kuingia kwake. Mwanzoni alisamehe. Baadaye akawapeleka mahakamani, wakatozwa faini, na majirani wakamchukia. Hilo, kwangu, ni zito kuliko kaburi la mwisho: mtu aliyeumizwa na faini anashika kiboko kile kile mara tu anapopata cha kulinda. Tolstoy hakulitamka kama funzo, lakini alilipanga kwa makusudi hatua kwa hatua. Ukiliandika, hakuna atakayekwambia umelitunga.

Na kuhusu kubishana: mwaka 1898 Mrusi mwingine, Anton Chekhov, alitoa hadithi ya mtu aliyejinyima maisha yake yote ili anunue shamba lenye vichaka vya matunda madogo machungu, na alipoyapata akayala kwa machozi ya furaha japo yalikuwa magumu na makali. Anayesimulia ni ndugu wa mtu huyo, aitwaye Ivan Ivanych. Anasema watu hupenda kusema kwamba mtu anahitaji arshini tatu tu za ardhi, lakini arshini tatu ni mahitaji ya maiti. Mtu aliye hai anahitaji dunia nzima, maumbile yote, apate kuonyesha uwezo wa roho yake huru. Msomaji yeyote wa Urusi wa wakati ule aliijua hadithi ya Tolstoy na angeelewa jibu hilo linamwendea nani. Tena Chekhov hakumwacha Ivan Ivanych ashinde kirahisi. Waliokuwa wakimsikiliza hawakuridhika na hadithi yake, na usiku ule mwenzake alikosa usingizi kwa harufu nzito ya kiko cha Ivan Ivanych. Mwandishi mkubwa alimjibu mwandishi mkubwa, kisha akalitia shaka hata jibu lenyewe. Ikiwa Chekhov aliweza kubishana na Tolstoy, mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza pia, mradi alete ushahidi kutoka ndani ya hadithi.

Sasa tuje kwenye karatasi ya mtihani. Sipendi kanuni za kukariri, ila kuna maswali ambayo yamewasaidia wengi niliowafundisha. Kabla ya kuandika funzo lolote, tafuta tendo: mhusika alifanya nini hasa, siyo alikuwa mtu wa aina gani. Tafuta kilichomsukuma wakati ule. Kisha tafuta nani alilipa, maana mara nyingi anayelipa si yeye peke yake. Katika "Mkufu" mume alimaliza urithi wa baba yake na usingizi wake wa miaka kumi kwa mkufu ambao hakuuvaa. Ukishapata hayo matatu, funzo hujitokeza lenyewe na halitafanana na la hadithi nyingine. Baada ya kuliandika, liangalie tena: ukibadilisha majina ya wahusika likakaa sawa katika hadithi yoyote, bado halijaiva.

Nakupa aya moja ya mfano uone urefu na uzito wake. Usiinakili, mwalimu wako ataitambua.

"Hadithi inatufunza kwamba kuficha kosa kwa hofu ya kudharauliwa kunaweza kugharimu kuliko kosa lenyewe. Baada ya kupoteza mkufu, Bwana Loisel anamtamkia mkewe barua ya uongo kwamba kifungio kimevunjika. Uongo huo unawafungia njia ya kuuliza thamani halisi ya mkufu, nao wananunua mwingine kwa faranga 36,000 wakati ule wa kwanza haukuzidi 500. Hata hivyo mwandishi hawafanyi kuwa watu wabaya, kwa sababu wanalipa deni lote kwa uaminifu kwa miaka kumi."

Hesabu vilivyomo: funzo, tukio, matokeo kwa tarakimu, na upande wa pili. Aya tatu za namna hiyo, kila moja na tukio lake, zinatosha. Moja yaweza kuwa ya aibu na ukweli, moja ya tabaka na kuonekana, moja ya bahati au ya uaminifu wa wale wanandoa. Tamaa pia unaweza kuirudisha, sikukatazi, mradi uioneshe mahali inapofanya kazi: pale Mathilde anapokataa maua ya faranga 10, na pale bunduki ya mume inapotajwa.

Methali nayo usiitupe. Ni mali yetu, na mtahini wa Kiswahili huifurahia ikikaa mahali pake. Lakini kumbuka methali zetu zenyewe hubishana: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Wahenga walijua kila tukio lina hekima yake. Kwa "Mkufu", kama lazima utumie moja, ningechagua nguo ya kuazima haisitiri matako, kwa kuwa inagusa kuazima na inagusa aibu, vitu viwili vilivyomo kweli humo. Tamaa mbele mauti nyuma haifai sana. Hakuna anayekufa katika hadithi hii, na mtahini mkali atakuuliza mauti yako wapi. Methali utakayoichagua iweke mwishoni mwa aya iliyokwisha kujitegemea, na uwe na sentensi moja inayoeleza inahusianaje na tukio ulilotaja.

Hadithi ni fupi, ukikaa nayo nusu saa umeimaliza. Isome safari hii na penseli mkononi, upige mstari kila mahali ambapo mtu anaficha kitu au anaona aibu, kuanzia fedha za bunduki. Ukimaliza andika upya jibu lako lote na umpelekee mwalimu wako umwombe alisahihishe, hata kama alama za mwanzo hazibadiliki. Aliyekuandikia "Soma tena" badala ya kukuandikia jibu amekupa heshima, na nadhani atafurahi kukuona umerudi.